Sanduku la Binamu

Kazini walimwita Mama Pasi, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Katika kiwanda cha kufulia shuka za hoteli na hospitali, hakuna aliyemfikia kwa kunyoosha. Shuka ilimjia imejikunja kama uso wa mtu aliyeuma ndimu. Ikipita mikononi mwake, ilitoka imelala kimya. Mvuke ulikuwa mwingi, sakafu ilikuwa na maji, na msimamizi alikuwa na mdomo. Lakini kazi ni kazi. Yeye na mumewe walikuwa wahamiaji katika nchi hiyo, na walikuwa na watoto wawili shuleni.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la mikate. Watu walimwita Redio, kwa sababu akianza kusimulia hakuwa na kituo. Alfajiri alitoka kusambaza mikate madukani. Mchana alirudi nyumbani, akala, akawachekesha watoto mpaka wakashikwa na kwikwi.

Hiyo ilikuwa zamani. Sasa Redio alikuwa anakula mirungi, ambayo wengine huiita miraa. Ni vijiti na majani yanayotafunwa ili kufukuza usingizi. Alianza kidogo tu, asije akasinzia kwenye usukani. Baadaye ikawa kila siku. Akimaliza kazi alipitia dukani kwa binamu yake, mtu aliyeuza simu na tikiti za ndege. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye mikeka, na wanaume walikaa humo wakitafuna, mapazia yameshushwa.

Akirudi nyumbani, macho yalikuwa yamemtoka. Aliongea bila kupumua. Kisha ghafla alinyamaza, akawa mkali. Chakula hakukitaka. Vicheko vya watoto vilimkera. Alisimama dirishani akichungulia kando ya pazia.

"Kuna gari limesimama pale chini. Unaliona?"

"Ni la jirani, baba watoto. Liko pale kila siku."

"Mbona lina mtu ndani?"

"Ni gari lake. Ulitaka akae juu ya paa?"

Zamani Redio angecheka. Siku hizi alimtazama tu mkewe kana kwamba naye ana njama.

Mama Pasi alikuwa akiishi hivyo, roho juu, simu ilipolia siku moja wakati wa mapumziko. Alikuwa dada yake, kutoka nyumbani walikotoka.

"Mama ameanguka," dada alisema. "Wamesema ni kiharusi. Upande mmoja haufanyi kazi. Anakuulizia."

"Anaweza kuongea?"

"Kidogo. Anaita jina lako kwa shida. Njoo, mdogo wangu. Njoo ukiweza."

Mama Pasi alirudi kwenye meza yake ya pasi, akasimama tu. Nauli ya ndege hakuwa nayo. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliunguza shuka.

Habari zilimfikia Binamu upesi. Jioni ya siku iliyofuata alibisha hodi, amevaa koti zuri, mkononi ana mfuko wa matunda.

"Pole sana, shemeji," alisema, akakaa. "Mama ni mama. Sasa sikiliza. Usilie. Tikiti nakukatia mimi. Kwenda na kurudi."

Mama Pasi alishika mdomo. "Shemeji! Nitakulipaje?"

"Kwani sisi si ndugu? Hulipi kitu. Ukirudi, utanibebea sanduku moja tu. Kijana wangu atakuletea uwanja wa ndege wa kule."

"Sanduku la nini?"

"Majani ya chai na dawa za tumbo za kienyeji. Wazee wetu hapa wanazililia." Binamu alitabasamu. "Limefungwa vizuri, usihangaike kulifungua. Ukiulizwa, sema ni lako. Ukisema ni la mtu, watakuchelewesha bure kwa maswali."

Redio alipiga mkono kwenye paja. "Umeona, mama watoto? Huyu ndiye ndugu!"

Mama Pasi alishukuru, akashukuru tena. Lakini Binamu alipoondoka, furaha yake haikukaa sawa. Ilikuwa kama kiatu chenye kokoto. Kama ni majani ya chai, kwa nini asilifungue sanduku? Kama ni ya Binamu, kwa nini aseme ni yake? Alijaribu kuyafukuza mawazo hayo. Alimfikiria mama yake, amelala ubavu mmoja akimwita. Mawazo yakarudi palepale.

Ghorofa ya juu yake aliishi mwanamke aliyekuja nchi hiyo miaka mingi kabla yao. Kazi yake ilikuwa ukalimani. Mahakamani na hospitalini, alimtafsiria mtu asiyejua lugha ya nchi. Majirani walimwita Mkalimani tu. Mama Pasi alipanda ngazi kwenda kumuuliza jambo moja: je, kibali chake cha kuishi kitamruhusu kutoka na kurudi?

Mkalimani alikitazama kibali. "Kiko sawa. Pole na mama, mdogo wangu. Nani anakukatia tikiti?"

"Binamu wa mume wangu. Bure kabisa. Nikirudi nimbebee sanduku tu."

Mkalimani aliweka kikombe chake chini taratibu. "Ndani kuna nini?"

"Majani ya chai. Na dawa za tumbo."

"Utaruhusiwa kulifungua?"

"Amesema nisihangaike kulifungua."

"Amekwambia ukiulizwa useme ni lako?"

Mama Pasi alimtazama usoni. "Dada, umejuaje?"

"Kwa sababu maneno ni yaleyale," Mkalimani alisema. "Siwezi kukutajia mtu yeyote. Nimekula kiapo kazini. Lakini wanawake waliobebeshwa masanduku hayo wakisimama mbele ya hakimu, ninayesimama kando yao ni mimi. Wananishika mkono wananiambia, 'Dada, mwambie sikujua.' Nami namwambia. Hakimu anauliza, 'Sanduku lilikuwa mkononi mwa nani?'"

"Kwani hayo majani ni nini?"

"Sijaliona sanduku, kwa hiyo sitakudanganya kwamba najua. Lakini wengi ninaowatafsiria walibeba mirungi iliyokaushwa. Mibichi inaharibika upesi. Mikavu ni myepesi, inakaa, na inafanana na chai. Wanaitia kwenye pakiti za chai."

"Lakini mirungi kule kwetu inauzwa sokoni, mchana kweupe! Watu wanalima, wanasomesha watoto."

"Ni kweli. Kule si kosa. Hapa ni kosa. Hapa inahesabiwa pamoja na dawa za kulevya. Ukivuka mpaka, sheria ya kule inabaki kule. Hilo ndilo linalowaponza watu wetu. Mtu anaona majani aliyokua akiyaona, anasema haya hayana neno."

Mama Pasi alikaza leso mkononi. "Na mtu akikamatwa?"

"Inategemea mzigo na kesi yenyewe. Anaweza kufungwa. Mhamiaji anaweza pia kunyang'anywa kibali. Akitoka gerezani, anapelekwa uwanja wa ndege. Watoto wanabaki wanauliza mama yuko wapi."

"Lakini ni ndugu, dada."

"Hata akiwa ndugu. Hata akiwa kiongozi wa dini. Mzigo ambao hukuupanga kwa mikono yako, usiubebe. Mtu mwema hatakukasirikia ukimwambia, 'Fungua nione.' Na mtu akikupa tikiti ya bure kwa sharti la sanduku, ujue hiyo tikiti si zawadi. Wewe ndiye gari lake."

Mama Pasi alishuka ngazi akishikilia ukuta.

Siku iliyofuata aliomba ruhusa, akawahi nyumbani. Watoto walikuwa bado shuleni. Redio alirudi kutoka kwa Binamu, midomo mikavu, anaongea tangu mlangoni. Alisimulia habari za foleni, za mwenye duka mbishi, za mkate uliodondoka. Mkewe alimwacha mpaka akavuta pumzi.

"Baba watoto. Kwenye sanduku la binamu yako kuna nini?"

"Si amesema? Majani."

"Majani ya nini?"

"Majani ni majani, mama watoto!"

"Ya chai?"

Redio alienda dirishani. Alichungulia. Hakugeuka.

"Ulijua," mkewe alisema.

"Watu wengi wanabeba. Binamu anasema wanawake hawakaguliwi sana. Anasema..."

"Ulijua, ukanyamaza. Umekaa pale, umepiga paja, umefurahi. Mimi nilikuwa nalia nikimshukuru mtu anayenipeleka jela, na mume wangu alijua!"

"Sio jela! Usikuze mambo!" Redio alipaza sauti. Kisha akaacha. Aliweka mkono kifuani, akakaa kwenye mkono wa kiti.

"Usinichezee mchezo," mkewe alisema.

Lakini haukuwa mchezo. Jasho lilimtiririka usoni. "Moyo," alisema. "Unakimbia. Hausimami."

Hasira na hofu vilimpanda Mama Pasi pamoja, asijue kipi kinamsukuma. Alikimbia juu, akagonga mlango wa Mkalimani kwa viganja viwili. Mkalimani aliita gari la wagonjwa, akaingia nao.

Hospitalini walimfunga Redio nyaya kifuani. Mashine ilichora milima iliyobanana. Daktari aliuliza jambo. Mkalimani akatafsiri: "Anauliza kama umetumia kitu chochote leo."

Redio alimtazama mkewe. "Hapana."

"Shemeji," Mkalimani alisema kwa upole, "haya ninayosema sasa ni yangu, si ya daktari. Kazi yake ni kukutibu. Ukimficha, anaweza kukupa dawa isiyokufaa. Sema kweli."

Redio alimeza mate. "Mirungi. Kila siku. Leo nimekula mingi."

Daktari hakushtuka, wala hakumkemea. Alivuta kiti, akaongea polepole, na Mkalimani akamfuata neno kwa neno.

"Mirungi inauendesha mwili kama mtu anayemchapa punda aliyechoka. Moyo unakwenda mbio. Mishipa inabana, presha inapanda. Wengine hupatwa na shambulio la moyo, hata kama si wazee. Njaa inapotea, choo kinakuwa kigumu, meno na fizi zinaharibika."

"Lakini nisipokula nitasinzia barabarani," Redio alisema.

"Usingizi hauishi. Unausukuma mbele. Siku moja utakujia wote kwa pamoja, na wewe uko kwenye usukani."

Redio alitazama mlango. Kisha aliuliza kwa sauti ndogo, "Na hii hofu? Naona kama kuna watu wananifuata. Nalitazama gari la jirani kila siku."

Mama Pasi aligeuza uso ukutani. Hakujua kwamba mumewe aliogopa hivyo. Alidhani ni ubishi tu.

"Nayo inaweza kutoka hukohuko," daktari alisema. "Kula mirungi mingi na kukosa usingizi humfanya mtu ashuku kila kitu. Ukiacha, siku za mwanzo utachoka sana. Utakuwa mkali, mnyonge, utaota ndoto mbaya. Kwa wengi hayo hupita. Lakini usiache ukiwa peke yako. Hapa tuna kikundi cha watu wanaoacha. Njoo. Na maumivu ya kifua yakirudi, usisubiri. Piga simu."

Moyo ulitulia baada ya muda. Walipobaki wawili, Redio alishika ukingo wa shuka.

"Aliniambia ukileta sanduku nitakula bure," alisema. "Ndiyo maana nilinyamaza. Nilikuuza, mke wangu. Kwa vijiti."

Mama Pasi hakusema "nimekusamehe." Hakuwa tayari. Alisema, "Kesho kutwa anakuja na tikiti. Nani atamwambia?"

"Mimi."

Binamu alikuja na koti lake zuri. Bahasha ya tikiti aliishika juu kama mtu anayemwonyesha mtoto pipi. Redio alimpokea mlangoni. Hakumkaribisha kiti.

"Binamu, mke wangu habebi sanduku."

Tabasamu la Binamu lilibaki usoni, lakini liliondoka machoni. "Nani amewajaza maneno?"

"Hakuna. Nimekataa."

"Wewe? Nani alikupokea nchi hii? Nani alikutafutia kazi ya mikate?"

"Wewe. Na nashukuru mpaka leo. Lakini habebi. Na mimi chumbani kwako siji tena."

Redio alishika kitasa cha mlango. Mkewe alisogea, akasimama kando yake.

Binamu alimgeukia. "Shemeji, mama yako akikata roho, usiseme hukuonyeshwa njia."

Maneno hayo yalimpenya. Kwa kitambo alitamani kuinyakua bahasha ile na kukimbia nayo. Alipiga moyo konde.

"Mama yangu akikata roho, nitamlilia nikiwa na watoto wangu," alisema. "Sitamlilia gerezani."

Binamu aliondoka akiubamiza mlango.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Redio alilala kama gogo, akaamka amechoka. Alimfokea mtoto kwa sababu ya kalamu. Siku moja alilia kwa sababu chai ilikuwa imepoa, kisha akajicheka mwenyewe, kisha akalia tena. Alimwomba mwajiri wake ampunguzie safari za alfajiri, na mwajiri alinung'unika lakini akakubali. Kila baada ya kazi alipita njia ndefu ili asipite mbele ya duka la Binamu. Alikwenda kwenye kikundi hospitalini. Mara moja alishindwa, akatafuna kwa rafiki, akarudi amejiinamia. Alimwambia mkewe kabla hajaulizwa. Kesho yake alikwenda tena kwenye kikundi.

Mama Pasi naye hakuwa na raha. Kila simu ikilia, alidhani ni ya msiba. Dada yake alimwekea mama simu sikioni, naye alisikia pumzi, na neno moja moja linalovutwa kwa taabu. "Nakuja, mama," alimwambia, bila kujua atafikaje.

Kitu kingine pia kilimsumbua. Binamu alikuwa bado ana tikiti ile. Angempata nani?

Mkalimani alikuwa amewaambia kwamba polisi wana simu ya kutolea habari bila kutaja jina. Mama Pasi aliogopa. Ni ndugu, alijiambia. Akaahirisha. Kisha, mchana mmoja, alikutana na Mkalimani kwenye ngazi, ametoka mahakamani. Mkalimani alikuwa amekaa kwenye kidato, viatu amevua, uso ameufunika. Kiapo kilimfunga mdomo, na Mama Pasi hakuuliza. Lakini habari zilikuwa tayari mtaani. Msichana anayewapaka watu rangi ya kucha saluni amekamatwa uwanja wa ndege, na sanduku la chai.

Mama Pasi aliingia ndani, akajifungia bafuni, akalia. Alijua angeweza kusema mapema. Jioni hiyo yeye na Redio walipiga simu ile pamoja, wakaeleza waliyoyajua. Duka la Binamu lilifungwa. Yeye mwenyewe alipelekwa mahakamani. Msichana wa saluni alipata wakili, na maelezo waliyotoa yalimsaidia, ingawa hayakumtoa mara moja.

Tangu hapo Mama Pasi hakunyamaza. Wakati wa chai kazini, aliwaambia wanawake wote, wa lugha yake na wa lugha nyingine, kwa maneno yoyote aliyokuwa nayo. "Usibebe. Fungua kwanza. Wakikataa kufungua, na wewe kataa." Msimamizi alimwambia aache kelele. Alimwambia na msimamizi pia.

Wanawake hao ndio waliompisha kwenye zamu ya upatu wao, ili achukue fedha kabla ya wakati wake. Redio alijazia kwa fedha ambazo zamani angeziacha nyuma ya duka la Binamu. Tikiti ilikatwa kwa jina la Mama Pasi, kwa fedha yao. Alipanga sanduku lake mwenyewe sebuleni, watoto wakimpa nguo moja moja. Redio alipika, akala na watoto, akaosha vyombo. Uwanjani aliagana naye bila hotuba.

"Nitalala vizuri," alimwambia. "Usiwe na wasiwasi nami."

"Wasiwasi ninao," mkewe alisema. "Lakini umepungua."

Alifika nyumbani kwao asubuhi. Dada yake alimfungulia, wakakumbatiana mlangoni. Chumbani, mama yake alikuwa amelala chali, amekonda, mkono mmoja umelegea juu ya blanketi. Macho yalimtazama muda mrefu.

"Umechelewa," mama alisema. Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo.

"Nimechelewa, mama. Nisamehe."

"Ulikuwa na shida?"

"Nilikuwa nayo. Imekwisha. Nitakusimulia yote."

Mama aliinua mkono wake mzima, akamshika shavu, akavuta pumzi.

"Kwanza nikalishe," alisema. "Nimechoka kutazama dari."

Mama Pasi aliweka begi chini. Akapitisha mikono chini ya mgongo wa mama yake, akamwinua.